Shahada na Mlango wa Leba

Mtaani kwetu Mtanda walinipa udokta zamani, kabla chuo hakijanipa. Mwenye duka wa jirani akiniona napita na mkoba wa makaratasi alikuwa ananiuliza, "Vipi dokta, bado tu hujamaliza?" Namjibu sijamaliza, na mimi si dokta wa aina anayoidhani, mimi ni nesi, nasomea uuguzi wa ngazi ya juu. Anacheka. "Nesi gani anasoma mpaka anaota mvi?"

Nilimkasirikia, lakini swali lake halikuwa la kijinga. Nilikuwa na shahada mbili tayari. Wenzangu niliomaliza nao cheti cha uuguzi walikuwa wameacha kazi wakafungua maduka ya dawa, wanauza panado na chupa za maji, wamejenga na kupaka rangi. Mimi nilikuwa bado nashika zamu leba ya hospitali ya Lindi, mikono inanuka dawa ya kuoshea vyombo, na jioni nakaa kwenye meza ya kulia chakula nikiandika sura ya pili kwa Kiingereza cha kutafuta kwenye kamusi.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja, nikitaje mapema ili nisidhaniwe nilitaka ukubwa. Nilitaka mwanamke anayejifungua pale leba aruhusiwe kuingia na somo yake. Basi.

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, na mwanamke mmoja hukabidhiwa kazi ya kumfunda. Huyo ndiye somo yake mpaka mmoja wao azikwe. Ni hivyo kwa Wamwera wa Kilangala nilikozaliwa, na ni hivyo mjini, wawe Waislamu au Wakristo. Mama mzazi hamfundi mwanawe mambo ya ndani, wala hakai naye anapojifungua. Ni aibu kwa wote wawili. Anayekaa ni somo, na hakai bure. Uchungu ukikawia, watu wanaamini kuna neno limekwama kifuani mwa yule anayejifungua: pengine alimtukana mama mkwe, pengine aliapa uongo, pengine ana mtu wa pembeni. Humnong'oneza somo yake neno hilo, na somo hulimeza, halitoki tena mpaka kiyama. Hapo mtoto hupata njia.

Mimi nimesoma. Najua mtoto hukwama kwa sababu ya nyonga na mlalo wake, si kwa sababu ya maneno. Lakini nimesimama miguuni pa wanawake wengi kuliko profesa yeyote aliyenifundisha, na najua mwanamke aliyejaa hofu hasukumi. Anakaza kila kitu, mpaka taya.

Sasa mlango wa leba yetu ulikuwa na kibao kinachosema ndugu wa mgonjwa wasubiri nje, na somo naye alihesabiwa ndugu. Binti yangu wa kwanza nilimzaa humo, nikiwa nesi wa humo humo. Somo yangu alitoka Kilangala kwa miguu akarudishwa getini. Nilikuwa na neno langu, na sitalisema hapa. Nilimuita somo yangu kwa kulia, wenzangu wakanicheka, nesi mzima analilia kungwi. Nilichanika vibaya siku ile. Kidonda kilipona, hasira haikupona, na sikutaka ipone.

Wanawake wa mashambani walikuwa na akili kuliko mimi. Walibaki nyumbani na somo zao mpaka mambo yaharibike, ndipo waletwe wamefungwa kitandani, wengine wameshakata kauli. Kwenye kikao cha asubuhi madaktari walikuwa na majibu mawili, umbali na ujinga. Nilipotaja somo, mmoja aliniambia tusirudishe unyago hospitalini. Nilikuwa nesi tu, na neno la nesi kwenye kikao kile lilikuwa kuitikia. Nikaona nikisoma mpaka mwisho wa kusoma, watanisikiliza.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Lindi ilikuwa imejaa mitumba na redio za betri, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanapanda mpaka mashambani na mizani zao, na hospitali tuliyoizoea kuwa ya bure ilikuwa imeanza kuchangisha. Neno lenyewe lilikuwa uchangiaji, kama vile tunachangiana harusi. Magari meupe ya wafadhili yakaja nayo pia. Mradi mmoja wa uzazi salama ulitafuta nesi wa kumsomesha udaktari wa falsafa katika kazi yake, kwa chuo cha nje, akibaki hapa hapa kazini na kwenda Dar es Salaam kwa vipindi. Masharti ya shahada ile yalinifaa sana. Haikutosha kusoma vitabu. Ulitakiwa ubadilishe jambo moja mahali unapofanyia kazi, ulipime, uliandike, kisha ulitetee mbele ya jopo. Nilipoulizwa nitabadilisha nini, nilijibu kabla swali halijaisha.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kizungu, mtu mwema, mvumilivu, ambaye alikuwa na vitabu vinavyosema mwanamke akiwa na mtu wake karibu anajifungua vizuri. Hapo tulikubaliana. Tulipogombana ni kwenye nani huyo mtu. Kwake yeye hakukuwa na wa karibu kuliko mama mzazi. Nilimweleza habari ya haya baina ya mama na binti, akaniambia kwa upole kwamba mila hubadilika. Mkuu wa hospitali wa wakati ule akamuunga mkono, maana mama mzazi anaeleweka na mfadhili anamwelewa. Basi tukaanza na akina mama wazazi.

Wa kwanza alikuwa mke wa mkulima wa korosho. Alipoingia na kumwona mwanawe amelala vile, alijifunika kanga kichwani, akaketi kwenye kiti tulichomwekea, akakigeuza kikatazama ukuta. Hakugeuka tena. Binti akachukua ncha ya shuka akaitia mdomoni. Hakutoa sauti hata moja, kutoka adhuhuri mpaka alipojifungua, na jasho lilimtoka mpaka godoro likalowa. Msimamizi wangu alikuwepo siku ile, amesimama mlangoni na kalamu yake.

"Ona alivyotulia," aliniambia.

"Hajatulia," nilimjibu. "Anaona haya."

Aliandika kwamba ametulia. Ilinichukua muda mrefu, na akina mama wengi waliotazama ukuta, kumshawishi kwamba kimya kile kilikuwa mateso. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba nipime mambo yote mawili, mama mzazi na somo. Nilikubali. Wakati ule ningekubali hata kupima upana wa dari.

Somo wa kwanza kuingia aliingia kwa mguu wa kulia, na bismillahi, kama anaingia nyumba ya watu. Tulikuwa tumeweka taratibu: anawe mpaka viwiko, avae gauni letu, akae upande wa kichwa, asiingie na dawa ya mizizi, asiguse kazi yetu. Wenzangu walikuwa wanachekana. Msichana aliyekuwa kitandani alikuwa amechoka, njia imefunguka ila hasukumi, na nilikuwa nimeshafikiria kumwita daktari. Somo akainama, akaweka sikio mdomoni pake. Sote tukasikia ule mnong'ono, hakuna aliyesikia neno. Yule mama akainuka.

"Nimelipokea," alisema. "Haya, fanya kazi yako sasa."

Msichana akaifanya.

Baada ya hapo manesi hawakucheka sana. Walijifunza bila kufundishwa kwamba somo akiinama, wote tunageukia trei zetu, tunahesabu mikasi, tunajifanya viziwi. Hilo sikulikuta katika kitabu chochote, na nililiandika katika sura ya nne kwa fahari. Habari zikafika mashambani bila kutangazwa redioni. Wanawake wakaanza kuja mapema, wao na somo zao na ndoo zao, wakitembea uani kusubiri uchungu ukomae. Nilikuwa nawatazama kupitia dirishani na roho yangu ilikuwa nyeupe. Nataka hilo lijulikane, kwamba kuna kipindi nilifurahi kabisa.

Kisha mradi ukafika mwisho, gari jeupe likaondoka, na tukaletewa mkuu mpya wa hospitali. Alikuwa kijana, mwenye adabu, ametoka kusomea uongozi. Kwa maneno yake mgonjwa alikuwa mteja, na wodi ilikuwa kituo cha mapato. Alizunguka hospitali nzima siku ya kwanza, na aliposimama leba alitabasamu. Nilidhani ameona ninachokiona mimi.

Alikarabati vyumba vya upande wa baharini, akavitia feni, mapazia na vyandarua vipya, akaviita gredi wani. Anayelipia gredi wani atajifungulia humo, na ataingia na somo yake. Leba ya kawaida ikarudishiwa kibao chake, kwa sababu ya msongamano na maambukizi. Sikuwahi kuona maambukizi yanayojua nani amelipa.

Nilimfuata ofisini kwake.

"Mama, mbona umekasirika?" aliniuliza. "Ni kazi yako hii. Wewe mwenyewe umethibitisha kwamba wanakipenda. Kitu kinachopendwa kinaweza kujiendesha."

"Somo halipiwi," nilimwambia. "Hajawahi kulipiwa. Ni mtu wake."

"Hatumlipishi somo. Tunalipisha nafasi." Alinimiminia chai mwenyewe, kwa mikono yake. "Zama za bure zimepita, mama yangu. Bila gredi wani nafunga kote. Bora wachache wapate."

Sikuinywa ile chai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mwongo. Alikuwa na dari inayovuja na jenereta bovu. Lakini kati ya vitu vyote vya kuuza pale hospitalini, alichagua kuuza kile pekee ambacho wanawake walikuja nacho kutoka kwao.

Nikarudi kwenye meza yangu ya kulia chakula nikaandika sura nyingine, haikuwa kwenye mpango. Nilieleza jinsi jambo lilivyofanikiwa na jinsi kufanikiwa kwenyewe kulivyoliua. Nikaipeleka kwenye duka la intaneti karibu na posta, nikasubiri mtambo uitume, umeme ukakatika, nikarudi kesho yake. Msimamizi alijibu kwamba sura ni nzito lakini lugha ina hasira. Nilimwandikia kwamba hasira nayo ni matokeo ya utafiti.

Siku ya kutetea nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa na mdogo wangu. Tulikaa katika ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, wenye kiyoyozi kikali, jopo upande mmoja, mimi upande wa pili. Nilieleza kila kitu, akina mama wanaotazama ukuta, somo wanaopokea neno, manesi wanaogeukia trei. Walisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Kisha mmoja wao, profesa mwenye nywele nyeupe, mwenzetu, Mtanzania, aliuliza kama huduma ile ingali ipo baada ya wafadhili kuondoka.

"Ipo kwa wenye uwezo," nilijibu. "Wengine wamefungiwa."

"Lakini ipo."

"Ipo."

"Na inajilipia yenyewe?"

Hakusubiri nijibu. Akawageukia wenzake. "Miradi mingapi tumeiona hapa inafika mahali pa kujilipia?" Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilisimama, nikasema kwamba sikukusudia hivyo, kwamba hilo wanalolisifu ndilo lililoharibika. Nililisema kwa Kiingereza, nikaona haliingii, nikalirudia kwa Kiswahili. Mwenyekiti wa jopo alinishukuru na kusema maoni yangu yamezingatiwa. Wakanipa shahada, kwa sharti la marekebisho madogo. Rekebisho kubwa kati ya hayo madogo lilikuwa kuitoa sura ya hasira na kuifanya kiambatisho. Iko huko mpaka leo, nyuma kabisa, baada ya ramani ya mkoa.

Watu wa Mtanda walinichinjia mbuzi. Mwenye duka alileta soda kreti nzima, akanisalimia shikamoo dokta mbele za watu, mtu wa umri wangu. Nilicheka na kila mtu, nikaingia chumbani nikalia.

Nilifikiri nitarudi leba. Nikaambiwa hakuna ngazi ya mshahara ya nesi mwenye shahada ya namna ile anayeshika zamu, na kwamba itakuwa matusi kwa elimu yangu. Nikahamishiwa ofisi za mkoa kushughulikia ubora wa huduma. Nilipewa meza yenye kioo na kazi ya kuandika mwongozo wa huduma za uzazi. Niliandika kwamba kila mzazi aingie na somo yake. Rasimu ilizunguka ofisini ikarudi imeongezewa maneno, "katika vyumba vya gredi wani." Niligoma kuitia sahihi. Nikaambiwa basi kifungu chote kitafutwa, pasiwe na somo popote. Nikatia sahihi, kwa kuwa mlango wa upande mmoja ni afadhali kuliko ukuta. Bado naamini hivyo siku nyingi, ila si siku zote.

Mwaka uliofuata binti yangu, yule yule niliyemzaa kwa kulia, alipata uchungu wa mimba yake ya kwanza. Ilikuwa mchana, jua kali. Tulimlipia gredi wani, tungeacha vipi, akaingia na somo yake. Mimi, kwa kuwa ni mama mzazi, nilibaki kwenye baraza na watu wengine, mahali panapostahili mama mzazi. Kando yangu alikuwa ameketi mwanamke mzee mwenye kifurushi mapajani, na hatua chache kutoka kwetu wanawake wawili wa upande wa mume wa msichana aliyekuja naye, mmoja wao mama mkwe.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umezuiwa?"

"Hapana. Mimi ndiye mama mzazi. Mwanangu ana somo yake ndani."

"Una heri," alisema. "Mie ndiye somo, nami nipo nje. Tumetoka Kilangala tangu alfajiri. Tulisikia huku siku hizi wanaturuhusu."

Sikumwambia kwamba ile habari ilianzia kwangu. Madirisha ya leba ya kawaida yalikuwa wazi juu ya vichwa vyetu, na kila kilichosemwa ndani kilifika barazani. Tulimsikia msichana akiita somo yake. Aliita muda mrefu. Mzee alikuwa anasimama na kukaa, anasimama na kukaa, mwishowe akaenda chini ya dirisha.

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

"Nina neno, somo."

Wale wa upande wa mume wakageuza shingo.

"Nyamaza nalo," mzee alisema haraka. "Usiliseme hapo. Nyamaza, nakuja."

Niliinuka kabla yake. Niligonga mlango wa leba, na nesi aliyefungua alikuwa msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe, tangu kushika mkasi. Nilimwambia amruhusu yule mama aingie. Alitazama chini.

"Dokta, mwongozo haunipi ruhusa."

"Nakupa mimi."

"Mwongozo una sahihi yako, dokta. Juzi tu mwenzangu kasimamishwa kazi kwa hilo hilo." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Mpigie mkuu. Akisema ndiyo, namwingiza sasa hivi."

Nilimpigia mkuu kwa simu yangu ya mkononi. Alikuwa semina Dodoma, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nilikuwa bado nimeiweka sikioni pale msichana aliyekuwa kitandani aliposhindwa kuvumilia. Alilisema kwa sauti ya juu, kama mtu anavyotapika. Lilikuwa jina la mwanamume, na halikuwa la mumewe.

Mama mkwe aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akamshika mwenzake mkono, wakatoka getini bila kungoja mtoto azaliwe. Ndani hatukusikia tena sauti, mpaka tulipomsikia mtoto.

Mzee alikuwa bado amesimama chini ya dirisha, na mkono mmoja ukutani.

"Lile ningelimeza mimi," alisema. Hakuwa ananiambia mimi hasa. "Lilikuwa la kumeza tu."

Mlango wa gredi wani ulifunguliwa, vigelegele vikatoka, na somo ya binti yangu akaniita nije nimwone mjukuu. Hapakuwa na njia nyingine ya kufika kule. Nikampita yule mzee, nikaenda.